Nia ya Mwenye Upinde

Sisi wapenzi wa tenzi tumezoea kubishana juu ya watu ambao hatukupata kuwaona. Nimekaa barazani Unguja hadi usiku wa manane nikisikiliza watu wazima, wenye wajukuu, wakinuniana kwa ajili ya Fumo Liyongo: je, alikuwa mtu aliyeonewa kijicho tu, au kweli alikuwa na jicho lake katika kiti cha Pate? Na yule mwanawe aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni, ni msaliti au ni mtoto aliyerubuniwa? Muhammad Kijumwa wa Lamu, alipouandika utenzi wake mwaka 1913, hakuyamaliza mabishano hayo, na sidhani kwamba alikusudia kuyamaliza. Kwa hiyo halikuwa jambo geni kwangu kuyakuta mabishano ya jinsi hiyo bara, mbali na bahari, mahali paitwapo Ipole. Kilichokuwa kigeni ni shujaa mwenyewe.

Ipole iko kusini ya Tabora, ukishaipita Sikonge, katika nchi ya miombo, asali na tumbaku. Hapo ndipo njia inapopanda, mkono mmoja ukaelekea Mpanda na mwingine Rungwa. Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia kuu ya misafara iendayo Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka kwa upande huu wa kusini, akapita Ugunda na misitu yake. Ndiyo kusema kwamba kwa karne moja na nusu nchi hii imekuwa ikiwaona watu wanaopita kwa sababu wamemwogopa mtu mwingine. Mpwa wangu ameolewa huko na mfanyabiashara wa asali. Kiangazi cha mwaka 2018 nilikaa kwao wiki tatu, nikitafsiri mchana chini ya mwembe, na jioni nikienda, kwa kukosa baraza, katika banda umiza.

Msomaji wa visiwani huenda halijui jina hilo. Ni banda la mabanzi na turubai, lenye viti vya ubao visivyo na egemeo, televisheni moja na jenereta nje. Mwenyewe hutoza sarafu chache, na watu hubanana hasa, ndipo likaitwa umiza. Humo huonyeshwa mpira, na usipokuwapo mpira huonyeshwa wanachokiita sizoni, yaani tamthilia ndefu za ng'ambo, ambazo msimulizi wa Dar es Salaam huzitolea maneno ya Kiswahili juu ya sauti ya Kiingereza. Kiangazi kile ilikuwa zamu ya Arrow.

Shujaa wake ni Oliver Queen, mtoto wa tajiri, mtu wa starehe na ulevi. Chombo cha baba yake kinazama. Katika boti ya kujiokolea wanabaki watatu, na baba anampiga risasi baharia wao, kisha anajipiga mwenyewe, ili chakula na maji yaliyobaki yamtoshe mwanawe. Kijana anapotea miaka mitano. Anarudi na upinde, kofia ya joho inayomficha uso, na daftari la baba lenye majina ya wakubwa walioudhulumu mji. Mchana yeye ni bwana wa karamu. Usiku anawaendea wenye majina, mmoja baada ya mmoja, na asiyekubali kurudisha alichokidhulumu huenda asiione asubuhi. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2012, ingawa mpiga upinde mwenyewe alizaliwa zamani zaidi, katika vitabu vya picha vya mwaka 1941.

Basi mtu huyu aligawa Ipole mafungu mawili. Fungu la kwanza, wakulima vijana wa tumbaku wengi wao, lilikuwa lake. Hoja yao ilikuwa fupi: mwizi mkubwa hafungwi, kwa hiyo atokee wa kumfuata nyumbani kwake. Fungu la pili lilikuwa na msemaji mmoja, kijana wa bodaboda, mwembamba, mwenye ulimi wa wakili. Huyu alikuwa amekaa na swali moja tangu msimu wa kwanza, na kila jioni alilitoa upya kama mtu anayedai deni. Mama yake Oliver, alisema, naye alikuwa na nakala ya daftari lile lile, naye alishirikiana na waliopanga kuuangamiza mtaa wa masikini. Mwenye upinde alimwendea usiku, amejifunika, akamwelekezea mshale. Mama akalia, akawataja watoto wake. Mshale ukateremka, na mama akampiga yeye risasi. "Mbona wengine hawakupewa nafasi ya kuwataja watoto wao?" kijana akauliza. "Huyu hatetei mji. Huyu anafagia nyumba ya baba yake, na taka za chumbani kwao anaziruka."

Nilimpenda kijana yule kwa swali hilo. Lakini wenzake walikuwa na jibu, nalo si jepesi: kwamba mtu kumwonea huruma mama yake si unafiki, ni ubinadamu, na heri shujaa mwenye mama kuliko shujaa wa jiwe. Mabishano yakarudi mwanzo.

Mimi, kwa ada ya kazi yangu, nilisikiliza maneno zaidi kuliko hoja. Kila Oliver alipotaja kile anachokitafuta, msimulizi alikuwa na maneno mawili tu, haki na kisasi, na aliyabadilisha kwa kadiri ya kasi ya picha. Sasa, neno letu kisasi tumelitoa katika Kiarabu, qisas, nalo huko kwa wanazuoni wa sheria lina mpaka: jino kwa jino na si jino kwa taya, baada ya hukumu, na mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kusamehe au kupokea dia. Lilipovuka bahari likaucha mpaka wake chomboni. Kisasi cha Kiswahili hakina hakimu wala kipimo, ni moto wa moyoni. Kwa hiyo kulikuwa na jioni ambazo fungu la kwanza lilimtetea Oliver mwenye haki na fungu la pili likamshitaki Oliver mwenye kisasi, na wote wawili walikuwa wameumbwa na mtu mmoja aliyekaa na kipaza sauti Dar es Salaam, ana haraka, ana mikanda mingine ya kumaliza kabla ya Ijumaa. Silisemi hili kwa kumdharau. Mtu anayetafsiri kwa mdomo, bila ya kufuta, huku bunduki zinalia, anafanya kazi ambayo mimi na kalamu yangu nisingeithubutu.

Mwalimu mmoja wa historia aliyekuwa akija jioni mojamoja alimwingiza Mirambo, na nadhani katika nchi ile lisingeweza kuepukika. Alizaliwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, na wengi hulieleza kuwa ni mizoga, maiti. Mtu anayejichagulia jina la namna hiyo amekwisha kuvaa kofia ya kumficha uso. Kwetu pwani jina lake lilifika kwa midomo ya wafanyabiashara aliowafungia njia, waliokwenda kumpiga mwaka 1871 wakavamiwa njiani, na ambao kisha aliwajia Tabora penyewe na kuchoma sehemu ya mji. Mtu gani alimwita muungwana katika hao? Hata Stanley, aliyekuwapo katika vita vile upande wa Waarabu, alimwandika kuwa haramia. Lakini mwaka 1876 walikutana uso kwa uso, wakachanjana udugu, na Stanley akamwandika upya: mpole, mwenye sauti ya chini, mstaarabu. Katika miaka mitano hiyo Mirambo hakuwa ameacha vita. Alichukua mateka kabla, akachukua mateka baadaye, hadi alipofariki Desemba 1884. Aliyebadilika ni msimulizi. Na leo mtoto wa shule Tanzania anamsoma kuwa shujaa aliyewakatalia wageni, na kambi ya jeshi Tabora ina jina lake. Mwalimu alitaka tuamue ni lipi lililo kweli. Kijana wa bodaboda akasema kwamba ingefaa kumwuliza mwanamke wa mojawapo ya vijiji vilivyochukuliwa mateka, na kwa bahati mbaya huyo hakuandika kitabu.

Nimwingize sasa mzee mmoja, kwani bila ya yeye nisingeandika makala haya. Alikaa mbele kila siku, kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, na vijana walimpisha. Kwa wiki nzima hakusema ila jambo moja. Aliuliza, "Huyu mbona amejifunika?" Akaambiwa kwamba anaficha ili maadui wasiwadhuru jamaa zake. Mzee akatikisa kichwa. "Sisi walitujua," akasema.

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza usiku ule. "Mjomba, mzee yule alikuwa sungusungu. Wa mwanzo mwanzo."

Wasomaji vijana wa visiwani huenda wanalijua neno hilo kwa jina la wadudu tu, wale chungu weusi wanaouma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilipokuwa zimezagaa na wizi wa ng'ombe kuzidi, wanavijiji wa upande wa Kahama na Shinyanga waliona kwamba polisi na mahakama haziwasaidii, wakajiundia ulinzi wao. Ukaenea Usukuma na Unyamwezi kote. Walikuwa na ntemi wao, katibu wao, kamanda wao. Walikula kiapo. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na mwano, yule ukelele wa hatari, ukipigwa ilimpasa kila mwanamume kutoka mbio na podo lake. Wengine walijiita Basalama, watu wa salama. Wakubwa wa nchi waliwasifu, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili wapewe nafasi pamoja na mgambo. Ng'ombe wengi walirudi kwa wenyewe. Hili hata wasiowapenda wanalikubali. Mtu aliyewaasi alitengwa, asipewe moto wala maji, asisalimiwe. Waliua pia. Na miongoni mwa waliohesabiwa adui walikuwamo wanawake wazee walioshukiwa uchawi, ambao kosa lao wengine lilikuwa macho mekundu, na wekundu huo ulitokana na miaka ya kupuliza moto jikoni.

Basi tazama, msomaji, mahali ambapo msimulizi wa Dar es Salaam alikuwa akiirushia hadithi yake. Kwa mtoto wa New York, mtu mwenye upinde anayewafuata wabaya usiku ni ndoto ya kitabu cha picha. Ipole ni babu yake jirani.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ilifika msimu wa tano, katika kisa kilichoonyeshwa kwao Machi 2017. Adui wa msimu huo ni mwendesha mashtaka wa mji, na kumbe ni mtoto wa mmoja wa waliouawa kwa ajili ya daftari. Amemkamata Oliver, amemfunga, anamtesa siku baada ya siku, wala hamtaki pesa wala mali. Anataka akiri siri moja. Na mwishowe Oliver, damu inamtoka, anaikiri. Msimulizi akatangaza kwa uchungu mkubwa kwamba aliua kwa sababu ilimbidi. Fungu la kwanza likapiga makofi. Lakini mtoto wa mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha nne na masikio yake yalikuwa chini ya sauti ya msimulizi, akasimama, akasema, "Sivyo alivyosema." Zogo likazuka. Mwenye banda akairudisha picha nyuma, akaishusha sauti ya Kiswahili kadiri chombo chake kilivyoruhusu, na watu wakanigeukia mimi. "Maalim, wewe ndiye mwenye lugha. Kasema nini?"

Nimetafsiri miaka thelathini bila ya mwalimu ila kamusi, na sijapata kupewa sentensi nzito kuliko ile mbele ya watu wanaoisubiri kama hukumu. Oliver anakiri kwamba aliua kwa kuwa alitaka, na kwamba alipenda kuua. Maneno ya mtoto mdogo. Na hapo ndipo palipo na mtego wa Kiswahili, kwani ukisema mtu amefanya jambo kwa kupenda kwake, umesema tu kwamba hakulazimishwa. Hujasema kwamba lilimwonjesha utamu. Ningesema "alipenda" nikanyamaza, kila fungu lingechukua pande lake likaenda nalo nyumbani, nami ningekuwa nimetafsiri sawasawa. Nilisema: aliua kwa hiari yake, na kuua kulimfurahisha. Daftari la baba lilikuwa kisingizio.

Banda lilinyamaza hata jenereta ikasikika kama imo ndani.

Aliyevunja ukimya ni mzee. Alizungumza bila ya kugeuka, macho yake kwenye televisheni iliyosimamishwa. "Maneno ya mtu aliyefungwa kamba si maneno," akasema. "Ukimpiga mtu siku nyingi atakwambia unalolitaka. Huyo mwingine alitaka kusikia hivyo, naye kampa."

Kwa hakika ilikuwa hoja bora kuliko zote zilizopata kusemwa mle, na nilikuwa nafungua kinywa kuiunga mkono. Sisi tuliolelewa chuoni tunajua kwamba amali ni kwa nia, na kwamba nia ina Mjuzi wake mmoja. Ungamo lililokamuliwa kwa mateso ni ungamo la mteso. Lakini mlangoni palikuwa na mama mmoja, wa miaka thelathini na kitu, ambaye kila siku alikuwa akikaanga mihogo nje ya banda na kutazama picha kwa kuchungulia, bila ya kulipa. Mikononi alikuwa na kijiko cha mafuta. Hakupandisha sauti. Alimwamkia kwanza mzee, kwa adabu ya kwao, akipiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Na bibi yangu? Naye alikuwa amefungwa kamba."

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee hakumjibu, wala hakuondoka. Alibaki kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Mama yule akasubiri muda ambao mtu mwenye adabu humsubiri mkubwa wake ajibu, kisha akarudi kwenye karai, kwani mihogo ilikuwa inaungua. Mwenye banda akaiachia picha. Tukaitazama hadi mwisho: Oliver aliachiliwa, akarudi kwa wenzake amevunjika, akawaambia kwamba ameuacha upinde. Usiku ule hakuna aliyebishana.

Siku mbili baadaye nilinunua mihogo yake mchana, watu walipokuwa mashambani, naye akanisimulia kwa ufupi, pengine kwa kuwa nilikuwa mgeni wa kuondoka. Bibi yake alishukiwa, akahojiwa, akakiri. Kwa kuwa alikiri, hawakumwua, walimtenga. Mama yake, binti mdogo wakati ule, ndiye aliyekwenda kisimani usiku, kwa kificho, kuchota maji ya nyumba nzima, miezi mingi. Nilimwuliza kama anaamini kwamba mzee yule na wenzake walikuwa na nia njema. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto. "Walikuwa na nia njema, Maalim," akasema. "Ng'ombe wetu pia waliwarudisha."

Nimelifikiri sana jibu hilo. Mabishano yote ya mle bandani, na yangu ya barazani, yalikuwa yamesimama juu ya msingi kwamba tukiijua nia ya mwenye upinde tutakuwa tumemjua. Fungu moja likitafuta haki ndani ya kifua chake, jingine kisasi, na mwendesha mashtaka yule akaenda mbali hata akakipasua kifua chenyewe apate kuchungulia. Mama wa mihogo alikuwa amekwisha kumpa nia njema, bure, bila ya ubishi. Haikumpunguzia hatua moja ya njia ya kisimani.

Nami nikakumbuka, nikiwa nimekaa pale na kipande cha muhogo kilichopoa, jambo katika kisa cha Liyongo ambalo sisi wa barazani hulipita upesi ili tufike kwenye msiba wa mwanawe. Liyongo, amekwisha kuchomwa, anachukua upinde wake, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anaupachika mshale, na kufa vivyo hivyo. Watu wa mji hawajui kwamba amekufa. Wanaona upinde umevutwa, na siku kadhaa hawathubutu kusogea kuchota maji. Hata mama yake mwenyewe anaombwa aende akambembeleze. Tumetunga beti ngapi juu ya ushujaa wa goti lile? Mimi mwenyewe nimetunga. Wenye kiu sikumbuki kama nimepata kusoma shairi lao.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 mtoto wa mpwa wangu, aliyekuwa sasa Tabora mjini, alinipigia simu kunipa habari kwamba sizoni imekwisha. Oliver amekufa, lakini kabla ya kufa amepewa uwezo wa kuuumba ulimwengu upya, na katika ulimwengu huo mama yake yu hai, na rafiki yake Tommy, aliyepata kumwita muuaji, naye yu hai. Mji umemsimamishia sanamu. Alisema kwamba alikwenda Ipole kwa likizo na kuwasimulia wote, na mama wa mihogo akamwagiza aniulize mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye lugha, kama wale wa kwenye daftari nao wamefufuliwa.

Niliitafuta sehemu ile ya mwisho nikaitazama mara mbili, safari hii bila ya msimulizi. Nikampigia kijana. Nilimwambia amjibu kwamba katika niliyoyaona mimi hawakutajwa.